UZI: Chama au mtu? Karatasi sita za Agosti 2027, kuanzia Malindi hadi Lamu

MWENYEJI WA BARANI (mleta mada)

Waungwana, assalamu alaikum na hamjambo nyote. Uchaguzi ni Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, na vibaraza vya Malindi vimeshagawanyika. Wapo wa suti nzima, alama moja kutoka rais mpaka MCA (mwakilishi wa wadi). Wapo wanaosema mtu kwanza, chama baadaye. Uzi huu si wa kumpigia debe mtu. Leteni sheria, tarehe na hesabu.

Naanza mimi. Mabishano haya huwa kana kwamba mpiga kura anapewa karatasi moja, na ilhali anapewa sita: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, na ile ya rangi ya mchanga ya MCA. Nguvu ya chama juu ya kila moja si sawa. Hivyo mtu anaweza kuwa na haki kufuata chama kwenye karatasi moja na akakosea kukifuata kwenye nyingine, siku hiyo hiyo, kituo hicho hicho.

Chukueni ya MCA, ambayo wengi huitia alama mwisho wakiwa wameshachoka. Kura yako kwa MCA wa chama inafanya kazi mara mbili. Inampeleka yeye bungeni, halafu inahesabiwa tena wakati wa kugawa viti maalum chini ya kifungu cha 177 cha Katiba, maana viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi walizoshinda. Mfano wa bunge la wadi 10, ukubwa wa Lamu: wakishinda wanaume 9 na mwanamke 1, itabidi waongezwe wanawake 4 ili jinsia moja isizidi theluthi mbili (9 kati ya 14). Hapo bado sijahesabu viti vya vijana, walemavu na makundi yaliyotengwa. Hao wote hutoka kwenye orodha za vyama. Mgombea huru akishinda wadi haleti hata kiti kimoja cha ziada.

Kwa hiyo ukimpigia MCA wa chama umewapigia pia watu usiowaona kwenye karatasi. Orodha zao hupelekwa IEBC, tume ya uchaguzi, siku 45 kabla ya uchaguzi, na majina hupangwa kwa zamu, mwanamke na mwanamume. Mnaosema chama kwanza, ni wangapi husoma orodha hiyo?

CHUNGWA HADI KABURINI

Naam, mimi ndiye wa suti, na sina haya. Mtu peke yake hana kitu Kilifi. Tazameni rekodi, acheni nadharia.

Mwaka 2015 mbunge wetu wa Malindi, Dan Kazungu wa ODM (chama cha chungwa), aliteuliwa waziri na serikali ya Jubilee. Uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 2016, na serikali nzima ikahamia huku kumnadi mgombea wa Jubilee. Nani alishinda? Willy Mtengo wa ODM. Watu hawakumfuata mtu wala serikali, walibaki na chama.

Gideon Mung'aro aligombea ugavana 2017 kwa Jubilee, akaanguka. 2022 akagombea kwa ODM, akapita. Mtu yule yule, kaunti ile ile. Aisha Jumwa naye: 2017 mbunge wa Malindi kwa ODM, 2022 akaomba ugavana kwa UDA, chama cha Ruto, akakosa. Mnataka ushahidi gani tena?

Na kura haipotei hata mtu wako akishindwa. Hazina ya Vyama vya Siasa hugawa asilimia 70 kwa kufuata jumla ya kura ambazo chama kilipata uchaguzi mkuu uliopita. Anayempigia mgombea huru hachangii hapo hata thumni.

KARANI WA MAGAZETI

Chungwa, matukio yako ni ya kweli ila hitimisho limekimbia. Mung'aro 2017 alikuwa akishindana na Amason Kingi, gavana aliyekuwa kitini. 2022 Kingi alikuwa amemaliza mihula miwili na hakuwamo. Tena 2022 Kingi alikuwa na chama chake cha PAA, kilichokuwa na mgombea wake wa ugavana, kwa hiyo kura za wasiotaka ODM ziligawanyika. Ukitaka kupima nguvu ya chama, lazima vitu vingine visimame tuli. Havikusimama.

Na "chama" chenyewe ni kipi? 2022 ODM ilikuwa upinzani mkali dhidi ya UDA. Machi 2025 vyama hivyo viwili vikatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Oktoba 2025 Raila Odinga, kiongozi wa ODM, akafariki. Aliyeweka nadhiri ya chungwa mwaka 2022 alikuwa akipinga watu ambao leo chama chake kimeketi nao. Sasa utiifu wake ni kwa alama, kwa sera, au kwa marehemu? Siulizi kwa kejeli, ndugu yangu. Hayo ni mambo matatu, na mwaka 2022 yalikuwa yameshikana kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuyatenganisha.

KIJANA WA GONGONI

Njooni Magarini basi, hapa ndipo penye kipimo kizuri zaidi Pwani nzima. 2022 Harrison Kombe wa ODM alimshinda Stanley Kenga wa UDA kwa kura 21. Ishirini na moja! Kesi ikapanda ngazi, Mahakama ya Upeo ikaufuta uchaguzi huo Mei 2025, tukarudi debeni tarehe 27 Novemba 2025. Wagombea wakuu ni wale wale wawili. Kilichobadilika ni nguo: Kombe bado ODM lakini sasa UDA inamuunga mkono, Kenga amehamia DCP, chama cha Gachagua aliyekuwa naibu rais. Kombe akashinda kwa pengo kubwa.

Watu wale wale, pengo likatoka kura 21 hadi maelfu. Semeni sasa kama ni mtu.

KARANI WA MAGAZETI

Ni mfano mzuri, lakini uchaguzi mdogo una ugonjwa wake. Karatasi ni moja badala ya sita, wanaojitokeza huwa wachache kuliko uchaguzi mkuu, na viongozi wa kitaifa wanamiminika jimbo moja na misafara na ahadi za barabara. Kinachopimwa hapo ni uwezo wa kuwatoa watu nyumbani. Mwenye mitandao ya ODM na ya UDA kwa pamoja ana mawakala kila kituo na magari kila kijiji, na mpinzani hana. Hiyo ni nguvu ya chama kweli, lakini ni nguvu ya mashine. Imani ya mpiga kura ni habari nyingine.

BARAZA LA MKUNGUNI

Salamu kutoka Lamu. Nyinyi wa Malindi mnazungumza kama kwamba Pwani yote ni Kilifi. Huku kwetu suti haijawahi kukaa mwilini vizuri.

Angalieni 2022 peke yake. Gavana Issa Timamy, ANC. Seneta wetu, Jubilee. Mwakilishi wa wanawake, Muthoni Marubu, mgombea huru asiye na chama chochote. Karatasi tatu za kaunti nzima, majibu matatu. Na Timamy huyo huyo 2013 aliingia kwa UDF. Mtu wa Lamu huuliza kwanza mgombea ni wa upande gani, visiwani au bara, Mashariki au Magharibi, na mgombea mwenza ametoka wapi. Chama huulizwa baadaye, ama hakiulizwi.

Msije mkadhani hiyo ndiyo dhamira safi. Kumpigia mtu kwa sababu ni wa mtaa wako ni utiifu vilevile, umebadilisha bendera tu. Tofauti ni kwamba chama kina katiba na Msajili wa Vyama wa kukishtaki kwake. Ukoo hauna.

Halafu kuna hasara ya vyama vidogo. ANC ilivunjwa na kuingizwa UDA mwaka 2025. Aliyepiga kura ya ANC 2022 akitaka gavana asiyekuwa UDA, ameamka gavana ni wa UDA. Si mara ya kwanza Pwani kuona hayo: KADU ya Ronald Ngala ilijivunja Novemba 1964 ikaingia KANU, na wafuasi wake wakajikuta ndani ya chama walichokuwa wakikipinga.

WAKILI WA SHELLA (Shella ya Malindi, si ya Lamu)

Niongeze hapo kwa Baraza. Sheria ya Vyama vya Siasa, kifungu cha 11, inasema chama kikiungana na kingine, wanachama huhesabiwa kuwa wa chama kipya. Lakini aliyechaguliwa, awe gavana, mbunge au MCA, ambaye hataki kuingia, huendelea na kazi yake na ana siku 30 za kujiunga na chama kingine au kubaki huru. Kwa hiyo kiongozi akisema "nilipelekwa na mkondo", muulizeni siku 30 zake alizitumiaje.

MAMA KAKUYUNI

Mie nina swali la kawaida tu. Mbunge tukimchagua kwa chama akaenda kinyume, chama kinaweza kumtoa? Na sisi tunaweza?

WAKILI WA SHELLA

Dada, kwa karatasi ndiyo, kwa vitendo ni vigumu. Kifungu cha 103 cha Katiba kinasema mbunge hupoteza kiti akijiuzulu chama kilichomchagua, au akihesabiwa kuwa amejiuzulu. Kwa MCA ni kifungu cha 194. Kuhesabiwa huko kumo kwenye kifungu cha 14 cha Sheria ya Vyama: akiunda chama kingine, akijiunga nacho, au akikinadi hadharani.

Inapokwama ni hapa. Chama lazima kimpe notisi na kimsikilize kwa utaratibu wa katiba yake chenyewe. Vyama vingi huruka hatua hii, vinatangaza kumfukuza mtu mbele ya waandishi wa habari, kisha vinashangaa. Mwanachama anakwenda Jopo la Kutatua Migogoro ya Vyama vya Siasa, kutoka hapo Mahakama Kuu, na muhula unakwisha. Jumwa alifukuzwa na ODM 2019, akapinga, na alibaki mbunge wa Malindi mpaka 2022.

Mbunge aliyeingia akiwa huru ana kamba yake pia: akijiunga na chama rasmi, kiti kinakwenda.

Adhabu inayofanya kazi haraka ni nyingine kabisa. Chama kinaweza kumuondoa mbunge kwenye kamati, na kamati ndipo miswada na bajeti hukatwa na kushonwa. Mbunge jasiri asiye na kamati anabaki na maikrofoni.

Kuhusu sisi wapiga kura: kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani. Sheria iliyoweka utaratibu ilidai saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo, lakini Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu zake kuu mwaka 2017. Haki ipo, mlango haufunguki. Ndiyo maana mimi nasema kwa mbunge mtazame mtu zaidi kuliko chama, kwani hakuna atakayekusaidia kumvuta akishavuka.

MWENYEJI WA BARANI

Na seneta? Hapo ndipo watu hulala kabisa.

WAKILI WA SHELLA

Seneta ndiye karatasi ninayoipenda. Kwenye mswada unaohusu kaunti, kifungu cha 123 kinaipa kila kaunti kura moja, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa, kwa niaba ya ujumbe wa kaunti. Kura ya Lamu ni sawa na ya Nairobi. Hakuna pengine nchi hii Lamu ina uzito huo.

Mwaka 2020 fomula mpya ya kugawa fedha ililetwa Seneti, na kaunti za Pwani nazo zilikuwa kwenye orodha ya kupunguziwa. Uongozi wa vyama vikubwa uliishinikiza ipite. Maseneta wa vyama mbalimbali wakaikataa, kikao baada ya kikao, mpaka Septemba ikapita ikiwa na sharti kwamba hakuna kaunti itakayopoteza. Hoja iliyoleta suluhu haikuwa ya chama, ilikuwa ya kaunti. Kwa kiti hiki, mgombea asiyeweza kumwambia kiongozi wa chama "la" hafai, hata alama yake iwe ipi.

CHUNGWA HADI KABURINI

Sawa, nimekusikia kwa seneta. Lakini gavana? Mkichagua gavana wa chama hiki na MCA wa chama kile, kaunti inasimama. Bajeti haipiti, wauguzi hawalipwi.

KARANI WA MAGAZETI

Hofu hiyo ina msingi, tuipime tu. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na yanatakiwa kupitishwa kufikia 30 Juni. Yasipopitishwa, sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaruhusu bunge kuidhinisha fedha za muda, zisizozidi nusu ya makadirio, ili huduma ziendelee. Kinachoumia kwanza ni miradi mipya, na wakandarasi ndio hulia zaidi.

Upande wa pili, gavana na MCA wengi wakiwa chama kimoja, bajeti inapita upesi, ila ni nani atauliza kuhusu zahanati iliyolipiwa na haipo? Ili hoja ya kumwondoa gavana ipite inahitaji theluthi mbili ya MCA wote. Kilifi ina wadi 35. Piga hesabu mwenyewe uone chama kimoja kikizishika nyingi, gavana wake anaogopa nani. Kwangu mimi hapa ndipo pa kutenganisha: gavana mpime kwa uwezo wa kuendesha ofisi, MCA mpime kwa uwezo wa kumbana gavana. Wakitoka chama kimoja na MCA ana uti wa mgongo, vyema. Akiwa hana, tafuta mwingine.

KIJANA WA GONGONI

Mnasahau ile inayopigiwa debe zaidi huku: "tuingie serikalini tupate maendeleo".

KARANI WA MAGAZETI

Hiyo gawanya mafungu mawili. Mgao wa kaunti hufuata fomula, na kifungu cha 203 kinataka kaunti zote kwa jumla zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hakuna anayeweza kuupunguza kwa sababu Kilifi ilipiga kura vibaya. NG-CDF, yaani fedha za maendeleo ya majimbo, hugawiwa majimbo yote 290, ya upinzani na ya serikali. Lakini barabara kuu, bandari, umeme na uteuzi wa nyadhifa za kitaifa, hayo kweli huenda na urafiki wa kisiasa. Mgombea akikuahidi lami ya mtaani kwa sababu "yuko na serikali", muulize barabara hiyo ni ya kaunti au ya taifa. Ikiwa ya kaunti, urafiki wake na Nairobi hauhusiki.

MAMA KAKUYUNI

Haya, na huu mchujo wa vyama je? Maana huku wanasema ukipata tiketi ya chungwa umeshapita, Agosti ni kwenda kutia muhuri tu.

WAKILI WA SHELLA

Umefika kwenye kiini, dada. Mahali chama kimoja kina nguvu, uchaguzi wenyewe ni mchujo. Anayesema "mimi ni wa chama" na hashiriki mchujo, amewaachia wengine wamchagulie, kisha anakwenda kuwaitikia.

Tangu marekebisho ya 2022 sheria inataja njia mbili: wanachama wote kupiga kura, au wajumbe kuchagua. Mambo ya kufanya mapema:

Angalia kwanza uko chama gani. Unaingia eCitizen, ukurasa wa Msajili wa Vyama vya Siasa. Juni 2021 Wakenya wengi walikuta wameandikishwa vyama wasivyovijua. Ukikuta hivyo, andika kukana uanachama. Ukiwa mwanachama wa kweli unayetaka kutoka, peleka barua kwa chama, na kujiuzulu huanza pale chama kinapoipokea. Baki na nakala yenye muhuri.

Kisha uliza tawi lako, kwa maandishi ikiwezekana: njia ni ipi, sajili ipi itatumika, nani ni wajumbe wa wadi. Chama kikijibu "makubaliano" au "tiketi ya moja kwa moja", ujue kura yako ya mchujo haipo. Mwenye malalamiko aanze na kamati ya chama ndipo aende Jopo. Akiruka hatua hiyo, huenda kesi ikatupwa bila kusikilizwa.

Na kumbuka: huhitaji kuwa mwanachama wa chochote kupiga kura Agosti. Kadi ya chama haikufungi ndani ya kile kibanda. Kura ni siri, na anayekutaka upige picha karatasi umwoneshe anakutia kwenye kosa.

BARAZA LA MKUNGUNI

Kwa wazee wasiosoma, siri hiyo ina tundu. Alama ya chama ndiyo wanayoijua, ndiyo maana suti huwa nyepesi kwao. Karatasi sasa zina picha ya mgombea pia, kwa hiyo mjukuu amwoneshe bibi sura, si chungwa wala wilbaro ya UDA peke yake. Na anayehitaji msaada ana haki ya kwenda na mtu wake anayemwamini. Msaidizi huyo humsaidia mpiga kura mmoja tu. Asipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala. Mbele ya mawakala, nasema. Basi ni heri aende na mwanawe.

MWENYEJI WA BARANI

Na rekodi ya mtu tunaipata wapi? Wote husema "nina dhamira" kipindi cha kampeni.

KARANI WA MAGAZETI

Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, iko kwenye tovuti ya Bunge. Usisome hotuba, tafuta kura zilizopigwa kwa majina. Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura Juni 25, 2024, walikuwa 195 kwa 106, na orodha ya nani alisema nini ipo. Linganisha na msimamo wa chama chake siku hiyo. Aliyekwenda kinyume na chama mara moja kwa jambo lenye gharama amekueleza zaidi kuliko mabango mia. Angalia pia waliokosekana ukumbini, maana wengine hutoroka kura na kurudi kusema hawakuhusika. Kwa MCA ni kazi ngumu zaidi: kumbukumbu za mabunge ya kaunti huchelewa kuwekwa, itabidi uombe kwa karani wa bunge ukitumia haki ya kupata habari, kifungu cha 35.

KIJANA WA GONGONI

Swali la mwisho kwa Wakili. Kuna mtu wadi yetu anasema atajaribu mchujo, akinyimwa tiketi aende huru. Inawezekana?

WAKILI WA SHELLA

Inategemea tarehe. Kifungu cha 85 kinamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027, awe ametoka kabla ya tarehe 10 Mei. Mchujo wa chama chake ukivuka hapo, ameshafungiwa nje. Akiwahi kutoka, kwa MCA anahitaji wapiga kura 500 waliosajiliwa ndani ya wadi wa kumuunga mkono. Kwa ubunge ni 1,000 wa jimbo, kwa useneta 2,000 wa kaunti. Mwambie akusanye zaidi ya kiwango, kwa sababu majina yanayojirudia na ya watu wa wadi jirani hukatwa. Na apeleke alama yake IEBC mapema. Ikifanana na ya chama, itakataliwa.

KIJANA WA GONGONI

Alama anataka jahazi.

WAKILI WA SHELLA

Mwambie atayarishe na ya pili.